Kanisa la Kilpeck: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Kanisa la Bikira Maria na Mtakatifu Daudi lililopo Kilpeck, Uingereza, mojawapo ya makanisa ya parokia ya zama za kati yaliyohifadhika vizuri kuliko mengi ya rika lake. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kwa wanaolisikia kwa mara ya kwanza, na kwa wale waliokwishafika pale wakaondoka na maswali mengi kuliko waliyoenda nayo.

Liko wapi, na kwa nini watu husafiri mbali kwenda kuliona?

Liko mkoa wa Herefordshire, kilomita kama 14 kusini-magharibi mwa mji wa Hereford, karibu na mpaka wa Wales. Si kathedro, yaani kanisa la askofu, wala abasia, yaani kanisa la watawa. Ni kanisa la kijiji, dogo kiasi kwamba ukisimama makaburini unaliona lote kwa kutupa jicho mara moja: kuta za mawe mekundu, paa la mwinuko mkali, na kibanda cha kengele juu ya ukuta wa magharibi.

Watu huenda kwa ajili ya michongo. Karibu miaka 900 imepita tangu ilipochongwa, na bado mingi ina ncha zake, macho yake, hata alama za manyoya. Tena iko palepale fundi alipoiweka. Michongo mingi ya umri huo utaikuta kwenye makumbusho, kipande kipande, chini ya taa za umeme. Kilpeck unaikuta ukutani, mvua inapita mbele yake.

Lilijengwa mwaka gani?

Mwaka unaotajwa zaidi ni 1140 hivi. Msingi wake ni huu: mwaka 1134, Hugh, bwana wa Kilpeck, alilikabidhi kanisa la Mtakatifu Daudi, pamoja na kanisa dogo la Bikira Maria lililokuwa ndani ya ngome yake, kwa abasia ya Mtakatifu Petro ya Gloucester. Ujenzi wa kanisa tunaloliona leo unawekwa karibu na tukio hilo, na mtindo wa michongo unakubaliana na kipindi hicho. Huenda pia hapo ndipo yalipotoka majina mawili ya wasimamizi wa kanisa hili, Maria na Daudi.

Huyo Hugh alikuwa nani?

Mjukuu wa ushindi wa Wanormani, kwa namna ya kusema. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mfalme aliwagawia watu wake ardhi. Kitabu cha Domesday cha 1086, orodha kuu ya mali na mashamba iliyoandikwa kwa amri ya Mfalme William I, kinamtaja William mwana wa Norman kuwa ndiye mwenye Kilpeck. Hugh alikuwa mwanawe. Hapa palikuwa mpakani, na Wawelshi walikuwa jirani wasiokubali kutawaliwa, kwa hiyo familia ilijenga ngome kwanza, kisha kanisa kando yake.

Na mafundi je? Majina yao yanajulikana?

Majina hapana, ila mikono yao inajulikana. Wataalamu wanawaita Shule ya Herefordshire, na neno shule hapa lina maana ya kundi la mafundi waliofanya kazi pamoja na kurithishana mtindo. Kazi zao zimetawanyika katika makanisa kadhaa ya mkoa huo na jirani zake.

Kuna mtu mmoja ambaye jina lake tunalo, naye hakushika patasi. Ni Oliver de Merlimond, msimamizi wa mali za Hugh de Mortimer, bwana wa Wigmore. Oliver alijenga kanisa la Shobdon, kaskazini mwa mkoa, na alikwenda hija Santiago de Compostela, Hispania, kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Njia ya hija hiyo inapita magharibi mwa Ufaransa, mahali penye makanisa yaliyojaa michongo. Iwe alikwenda na fundi au alirudi na michoro tu, mambo ya kule yanaonekana Shobdon, na baada ya Shobdon yakaja Kilpeck. Binafsi naamini fundi alikuwamo safarini. Mpangilio wa mitume katika tao lililo ndani ya kanisa, ambao tutaufikia, ni wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Lakini hawakunakili tu. Mistari ya pembe-pembe ni ya Wanormani. Majoka yaliyofungamana kama kamba yana damu ya Waviking. Mafundo ya nyuzi zisizo na mwanzo wala mwisho ni ya Wasaksoni na Wakelti. Watu wa mpakani huchota kila upande.

Kabla ya hapo palikuwa na kanisa jingine?

Ndiyo. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Ergyng, ufalme mdogo wa Kiwelshi, na ndiyo maana kanisa lina jina la Daudi, mtakatifu mkuu wa Wales. Ukizunguka hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya ukumbi utaona kipande cha ukuta ambacho mawe yake yamepangwa tofauti na mengine. Kwa kawaida husemwa kuwa ni mabaki ya jengo la kabla ya Wanormani.

Parokia ilimaanisha nini kwa mtu wa kawaida wakati ule?

Ilimaanisha karibu kila kitu. Parokia haikuwa jumuiya unayojiunga nayo ukipenda. Ilikuwa eneo lenye mipaka, na ukizaliwa ndani yake umekwisha kuwa wake. Utabatizwa kwenye birika lake, utafunga ndoa mlangoni pake, utazikwa uwanjani pake. Na utalipa fungu la kumi: mavuno, wana-kondoo, sufu. Kuanzia mwaka 1215, Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu, uliamuru kila Mkristo aungame na kupokea Komunyo walau mara moja kwa mwaka, na mahali pa kufanya hivyo palikuwa parokiani kwake.

Misa iliimbwa kwa Kilatini. Watu walisimama au kupiga magoti, maana mabenchi hayakuwa kawaida hadi karne za baadaye. Wengi hawakujua kusoma. Tukilisahau hili tutaiona michongo kuwa ni pambo. Kwa mkulima wa Kilpeck ilikuwa ndiyo kitu pekee kwenye maisha yake kilichotengenezwa kwa ufundi wa kiwango hicho, na ilikuwa mali ya wote.

Matunzo nayo yaligawanywa. Desturi ya Uingereza ilikuwa kwamba sehemu ya madhabahu hutunzwa na mwenye haki ya fungu la kumi, na ukumbi hutunzwa na waumini wenyewe. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya zama zile utaona upande mmoja una hali nzuri na mwingine umechoka. Ni hesabu za fedha zimeandikwa ukutani.

Jengo limepangwaje?

Vyumba vitatu vinavyofuatana kutoka magharibi kwenda mashariki, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia. Kwanza ukumbi wa waumini. Halafu chumba cha mapadri, unachokiingia kwa kupita chini ya tao lililochongwa. Mwisho ni chumba cha nusu duara chenye madhabahu. Unavyosogea mbele kuta zinakukaribia na dari inashuka, na macho hayana pa kwenda ila madhabahuni.

Madirisha ya awali ni madogo na juu yake ni mviringo. Huo ndio mtindo wa Romaneski: tao la duara, kuta nene, nafasi ndogo ya mwanga. Mtindo wa Gothiki wenye matao yaliyochongoka na madirisha mapana ulikuwa unaanza tu huko Ufaransa, kwenye abasia ya Saint-Denis, miaka hiyohiyo Kilpeck ilipokuwa ikijengwa.

Tuanze kuangalia wapi?

Mlango wa kusini. Ukifika, usiingie. Simama nje, na ikiwezekana nenda asubuhi jua likiwa pembeni, kwa sababu michongo isiyochimbwa sana huonekana vizuri mwanga ukiipiga ubavuni.

Juu ya mlango kuna jiwe la nusu duara, na ndani yake mti mmoja, mzabibu wenye vishada, umejaza nafasi yote. Kwa kawaida makanisa ya kipindi hicho yaliweka hapo Kristo katika utukufu au hukumu ya mwisho. Hapa wameweka Mti wa Uzima, kimya kabisa, na chini yake linta yenye mistari ya pembe-pembe. Utulivu wa mti huo unaelewa thamani yake ukiangalia kinachouzunguka: tao la ndani lina vichwa vya wanyama na ndege wa kutisha, katikati yao malaika, tao la nje lina mfululizo wa miduara, na ndani ya kila mduara kuna ndege au joka, na baina ya mduara na mduara kuna kinyago kinachoishika kama pingu.

Shuka kwenye nguzo. Ya kushoto ina wapiganaji wawili, mmoja juu ya mwenzake, wembamba, wamevaa suruali na kofia zenye ncha, wamenaswa kwenye matawi. Mavazi yao yamechongwa kwa mistari sambamba, minene kiasi, kama vitambaa vilivyokunjwa kwa uangalifu. Mistari hiyo ndiyo saini ya mafundi hawa. Ukiiona kanisa lingine utajua mara moja. Nguzo ya kulia ina majani na ndege, na kichwani pake uso wa mtu anayetoa mashina na majani kinywani. Pembeni kabisa ni majoka marefu yaliyojinyonga kuelekea chini na juu.

Weka jicho karibu na jiwe. Mahali shina linapopita juu ya mguu wa mpiganaji, fundi amechimba nyuma yake kidogo, ili kivuli kiingie. Kazi hiyo haionekani ukiwa hatua tatu nyuma. Aliifanya hata hivyo.

Vile vichwa vilivyo chini ya paa ni nini?

Ni mawe yanayochomoza kwenye ukingo wa paa kubeba safu ya mawe ya juu, na kila moja limechongwa mwisho wake. Yaliyobaki ni 85. Yanazunguka kanisa lote, hakuna mawili yanayofanana.

Wamo kondoo dume, dubu aliyebana watu kinywani, nguruwe, ndege, mpiga ala ya nyuzi, watu wawili waliokumbatiana ambao huwezi kujua kama wanacheza ngoma au wanashikana mieleka. Yumo Mwanakondoo wa Mungu akiwa na msalaba, mwenye mwili mrefu ambao wageni wengi humdhania farasi. Wanaopendwa kupita wote ni mbwa na sungura: vichwa viwili vimekaa pamoja, mbwa masikio yameanguka, macho makubwa ya duara, sungura kamwegemea. Mwindaji na windo wametulia pamoja bila ugomvi. Kuna anayesoma hapo unabii wa Isaya, ambamo mbwa-mwitu atakaa na mwanakondoo. Kuna anayeona ucheshi wa fundi. Vyote viwili vinawezekana katika jiwe moja.

Upande wa magharibi usikose majoka. Vichwa vyake vinachomoza ukutani, vinywa wazi, ndimi zimejikunja, na bado vimesimama hewani baada ya karne tisa za baridi na barafu.

Na yule mwanamke? Kwa nini awe kanisani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Kwenye duara la madhabahu, kwa nje, kuna jiwe lenye mwanamke mwenye kichwa kikubwa aliyepanua sehemu zake za siri kwa mikono yote miwili. Michongo ya namna hii huitwa Sheela-na-gig, na ipo mingi Ireland na Uingereza, mara nyingi katika kuta za makanisa.

Maelezo makuu ni matatu: onyo dhidi ya tamaa, kinga ya kufukuza uovu, au ishara ya uzazi. Mimi naegemea la kwanza, kwa sababu kwenye njia za hija za Ufaransa na Hispania kuna makanisa mengi ambayo mawe ya ukingo wa paa yanaonyesha dhambi za mwili kwa ubaya wa makusudi, na tumeshaona kwamba mafundi wetu walijua kazi za kule.

Watu wa karne ya 19 walipata tabu naye. George Robert Lewis, msanii aliyechora michongo ya Kilpeck na kuichapisha mwaka 1842, alimweleza kuwa ni mjinga aliyepasuliwa kifua, njia ya moyoni mwake ikiwa wazi. Lewis alikuwa mchoraji makini, lakini alichokiona hakikuwezekana kuandikwa katika zama zake.

Je, michongo hii ni ya kipagani?

Hapana, na hili nalisema kwa uthabiti kwa kuwa uvumi wake umeenea mno. Kanisa hili lilijengwa na bwana Mkristo, likakabidhiwa watawa wa Kibenedikto, likatumika kwa Misa tangu siku ya kwanza. Michongo haikufichwa na wapagani wa siri. Iko juu ya mlango mkuu.

Kinachotuchanganya ni kwamba tumepoteza ufunguo. Watu wa karne ya 12 walikuwa na vitabu vya wanyama ambavyo kila kiumbe kilikuwa na fundisho. Simba, vilisema, huzaa watoto wafu na siku ya tatu baba yao huwapulizia uhai: hiyo ni habari ya ufufuo. Nyoka huvua gamba: hiyo ni toba. Mtu aliyesikia mahubiri hayo kila mwaka aliangalia mlango wa Kilpeck akaona mambo anayoyajua. Uso wenye majani nao upo katika makanisa mengi ya Ulaya ya zama hizo. Kuwa asili yake ya mbali ni ya kabla ya Ukristo hakuufanyi uwe mungu wa mtu.

Sisemi kila jiwe lina fundisho. Fundi aliyepewa mawe zaidi ya 80 ya kuchonga hakosi kucheza kidogo.

Ndani kuna nini?

Kuna mambo matatu ya kutafuta. Kwanza tao la kuingilia chumba cha mapadri: kila upande una watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwingine, wameshika vitabu na vitu vitakatifu, mmoja akiwa na ufunguo, ndiye Petro. Kusimamisha watakatifu ndani ya nguzo kwa namna hiyo ni nadra sana Uingereza. Ipo Santiago, kwenye mlango wa kusini wa kathedro.

Pili, dari ya duara la madhabahu. Inua uso: mbavu nne za mawe zenye mistari ya pembe-pembe zinakutana katikati, na hapo kwenye makutano kuna vichwa vinne vya simba.

Tatu, birika la ubatizo. Ni kubwa kupita kiasi kwa kanisa dogo hivi, jiwe la kokoto zilizoshikana, limelainishwa, halina mchongo hata mmoja. Baada ya kelele za nje, jiwe tupu linapumzisha macho. Watoto walizamishwa majini siku hizo, hawakunyunyiziwa, na ndiyo maana mabirika ya zamani yana kina.

Imekuwaje halijaharibika wala kubadilishwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu ni: jiwe zuri na ukosefu wa pesa.

Jiwe kwanza. Ni jiwe jekundu la mchanga la Herefordshire. Likitoka machimboni lina unyevu na hukubali patasi. Likikaa hewani hukauka na kukaza ngozi. Si kila jiwe la mchanga hudumu, lakini hili lilichaguliwa na watu waliojua. Mlango wa kusini ulipata bahati ya ziada: kwa muda mrefu ulikuwa chini ya ukumbi mdogo wa mbao, ambao uliondolewa karne ya 19.

Sasa pesa. Parokia zilizotajirika zilibomoa makanisa yao ya zamani. Fika Lavenham au Long Melford, mkoa wa Suffolk, utaona makanisa makubwa ya karne ya 15 yaliyojengwa kwa faida ya biashara ya nguo za sufu. Ni ya fahari, sibishi, lakini kila moja limeketi mahali pa kanisa la zamani lililoondolewa. Kilpeck haikuwa na wafanyabiashara hao. Mnamo 1259 kijiji kilipewa ruhusa ya soko na gulio, mji ukajaribu kukua, kisha ukanywea. Kanyumba ka watawa wa Gloucester kalikokuwa karibu kalifungwa mwaka 1428. Ngome ilibomolewa mwaka 1645, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge. Leo upande wa kaskazini-mashariki wa kanisa kuna malisho yenye matuta na mitaro: hapo ndipo kijiji cha kale kilipokuwa.

Kila kilichoweza kulitajirisha kanisa hili kiliondoka, na kila kilipoondoka kililiacha kanisa kama lilivyo. Hapakuwa na mtu wa kusema, tulipanue, tuliongeze mnara, tuweke madirisha ya kisasa. Paliwekwa viraka tu.

Shobdon ilipatwa na nini?

Kinyume chake hasa. Shobdon lilikuwa kanisa la mafundi haohao na pengine lilikuwa bora zaidi. Katikati ya karne ya 18, familia yenye mali iliyomiliki eneo hilo ilitaka kanisa jipya la mtindo wa wakati huo. La zamani likabomolewa. Matao yake na mawe ya juu ya milango yakahamishiwa kilimani yawe pambo la kutazamwa kutoka kwenye jumba. Yalisimama pale bila paa, upepo na mvua vikayala, na leo ukienda utaona mabonge yenye kumbukumbu ya michongo. Tunachojua kuhusu uzuri wake tunakijua zaidi kutokana na michoro ya yuleyule Lewis, iliyochapishwa mwaka 1852.

Ningependa kila kamati ya ujenzi wa kanisa ipelekwe Shobdon kabla ya kupitisha uamuzi wa kubomoa.

Je, lilikarabatiwa?

Ndiyo, mara kadhaa. Mbunifu Lewis Nockalls Cottingham, aliyeshughulikia pia kathedro ya Hereford, alihusika miaka ya 1840, na matengenezo mengine yalifuata katika karne ya 19 na ya 20. Ikilinganishwa na walivyofanyiwa majirani, kazi ilikuwa ya upole. Kisheria jengo lina daraja la kwanza la ulinzi, la juu kabisa kwa majengo ya Uingereza.

Ni kanisa la Kikatoliki au la Kianglikana?

Lilikuwa la Kikatoliki kama makanisa yote ya nchi ile hadi Mfalme Henry VIII alipojitenga na Roma miaka ya 1530. Tangu hapo ni la Kianglikana, Dayosisi ya Hereford. Ibada zinaendelea.

Ngome ipo bado?

Kilima chake kipo, nyuma ya kanisa upande wa magharibi, na vipande viwili vya ukuta juu yake. Mfalme John alifika hapa katika miaka ya 1211 hadi 1214. Panda, kutoka juu unaona paa la kanisa na milima ya Wales kwa pamoja.

Kuna uhusiano wowote na makanisa ya kwetu Afrika Mashariki?

Upo, ingawa si wa moja kwa moja. Karne ya 19 Waingereza walirudia kwa bidii ujenzi wa zama za kati, na wamisionari wao wakaja na mapenzi hayo. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, alilolijenga Askofu Edward Steere miaka ya 1870 palipokuwa soko la watumwa, lina madirisha yaliyochongoka ya Gothiki pamoja na mambo ya Kiarabu, na paa la kuba la matumbawe na saruji. Kathedro ya All Saints, Nairobi, ilichorwa na Temple Moore, mbunifu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye makanisa ya zamani ya Uingereza. Na wale Wabenedikto waliopewa Kilpeck mwaka 1134 walifuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa leo katika abasia za Peramiho na Ndanda, Tanzania.

Nifike vipi, na kuna kiingilio?

Treni hadi Hereford, kisha gari kwa barabara ya A465 iendayo Abergavenny, na kibao kinakuonyesha pa kukata. Hakuna kiingilio, kuna sanduku la sadaka, na paa la umri huo hula pesa, kwa hiyo usipite bila kuweka kitu. Chukua darubini ndogo kwa ajili ya vichwa vya ukingoni. Ukiwa Hereford pitia kathedro uone ramani ya dunia ya mwaka 1300 hivi, iliyochorwa kwenye ngozi moja ya ndama, Yerusalemu ikiwa katikati.

Ni wapi pengine ninaweza kuona kazi ya mafundi haohao?

Kwa siku moja yenye gari unaweza kuona mengi. Eardisley kuna birika la ubatizo lenye wapiganaji wawili wakipambana katikati ya mafundo ya kamba, na Kristo akimvuta mtu kutoka kuzimu. Castle Frome birika linaonyesha ubatizo wa Yesu, samaki wakiogelea kumzunguka, na chini yake watu waliojikunja kwa uzito. Brinsop kuna Mtakatifu George juu ya farasi, na Stretton Sugwas kuna Samsoni akimpasua simba taya.

Ukibaki na muda wa kanisa moja tu baada ya Kilpeck, chagua Rowlstone, kusini-magharibi zaidi kuelekea Wales. Ni dogo na wageni ni wachache. Kwenye tao lake la ndani upande mmoja mtakatifu na malaika wamechongwa kichwa chini, miguu juu. Wapo wanaosema ni kosa la kupanga mawe. Kanisa hilo ni la Mtakatifu Petro, ambaye mapokeo yanasema alisulubiwa kichwa chini kwa ombi lake mwenyewe, na fundi aliyeweza kuchonga mlango wa Kilpeck alijua jiwe lake linaelekea wapi.